C. S. Lewis na tarehe 22 Novemba: tumkumbukeje?

Msomaji wa Rau (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wasomaji. Katika usharika wetu hapa Moshi tuna kikundi kidogo cha kusoma vitabu, na mwaka huu tumekubaliana kutenga jioni moja ya kumkumbuka mwandishi C. S. Lewis, aliyefariki tarehe 22 Novemba 1963. Nimepewa kazi ya kuandaa maneno ya utangulizi, na tangu nilipoanza nimekuwa nikikutana na jambo lile lile: karibu kila makala inayozungumzia kifo chake huanza na Rais John F. Kennedy, aliyeuawa Dallas siku hiyo hiyo, kisha humtaja Aldous Huxley, ambaye naye alifariki siku hiyo huko Los Angeles, na Lewis mwenyewe huambulia mistari michache ya mwisho. Mzee wetu mmoja, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi, anaikumbuka vizuri simanzi iliyowapata watu hapa Tanganyika kwa sababu ya Kennedy, wala si ajabu, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alikuwa amepokewa naye Ikulu ya Marekani mwezi Julai mwaka ule ule. Habari za Lewis hakuzisikia kabisa.

Naomba msaada wenu kwa mambo mawili. Je, ni kweli kwamba mazishi yake yalihudhuriwa na watu wachache kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikimwomboleza Kennedy? Na tufanyeje ili jioni yetu isigeuke kuwa somo la historia ya Marekani?

Mwalimu wa Usa River

Ndugu yangu, asifiwe milele. Swali lako la kwanza lina jibu, ingawa wengi huliruka kwa sababu simulizi ya Kennedy inanoga zaidi.

Lewis alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mwezi Julai 1963 alipata mshtuko wa moyo akiwa hospitalini, akapoteza fahamu hadi akapakwa mafuta ya wagonjwa, kisha, kinyume na matarajio ya wote, akazinduka na kuomba chai. Baada ya hapo aliacha rasmi kazi yake ya uprofesa Cambridge akarudi nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Oxford, alikokuwa akiishi na kaka yake, Warren. Alasiri ya tarehe 22 Novemba, Warren alimpelekea chai saa kumi. Ilipofika saa kumi na moja na nusu alisikia kishindo, akakimbilia chumbani na kumkuta mdogo wake ameanguka karibu na kitanda. Alifariki dakika chache baadaye, ikiwa imebaki wiki moja tu atimize miaka 65. Kwa saa za huku kwetu ilikuwa yapata saa mbili na nusu usiku, na risasi za Dallas zilisikika kama saa moja baadaye. Kwa hiyo, alipofariki, Kennedy alikuwa bado hai, jambo ambalo wanaoandika kwamba alifia kivulini mwa Rais huwa hawalisemi.

Kuhusu mazishi, yalifanyika tarehe 26 Novemba katika kanisa la Utatu Mtakatifu, Headington Quarry, ambako alikuwa akisali kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba waliohudhuria walikuwa wachache, miongoni mwao J. R. R. Tolkien, lakini sababu kubwa ilikuwa ya nyumbani. Warren alikuwa na tatizo la pombe la miaka mingi, na msiba ulimlemea kiasi kwamba alibaki kitandani siku ya maziko, wala hakuwapa taarifa watu ambao wangependa kufika. Sisi wa huku, ambao msiba hutangazwa kanisani, redioni na kwa simu hadi ndugu wa mbali kabisa wafike, tunaona jambo hili kuwa zito. Hata hivyo nisingependa kumhukumu Warren, maana ni yeye huyo huyo aliyechagua maandishi ya kaburi. Ni mstari wa Shakespeare unaosema kwamba wanadamu hawana budi kuvumilia kuondoka kwao duniani, na ndio uliokuwa kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwao Belfast siku mama yao alipofariki, mwaka 1908, Lewis akiwa hajatimiza hata miaka kumi. Mtu aliyeutunza mstari huo moyoni kwa miaka 55 hakuwa amemsahau mdogo wake.

Ningekushauri uanzie hapo, kwenye kalenda hiyo. Kennedy mtaje kwa sentensi moja, uendelee.

Mwanakwaya wa Kiborloni

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia kwa upande wa tarehe tu. Kama mnatarajia kuwaalika na jirani zenu wa Kanisa Katoliki, kumbukeni kwamba tarehe 22 Novemba ni kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, na kwaya zetu nyingi huwa na shughuli siku hiyo. Mtatukosa. Tarehe 29 Novemba, siku aliyozaliwa Lewis mwaka 1898, ingetufaa zaidi, tena haina msiba wa mtu mwingine.

Mama Msomaji, Arusha

Shikamoo mwalimu, na asante kwa maelezo yaliyonyooka. Kwa heshima zote kwa mwanakwaya wetu, mimi nisingehamisha tarehe. Wenzetu wa Westminster Abbey, walipotimiza miaka 50 tangu afariki, walimwekea jiwe la kumbukumbu katika sehemu ya washairi tarehe ile ile ya 22 Novemba, mwaka 2013, na hakuna aliyelalamika kwamba Kennedy ameingilia. Tarehe ya kufa ni ya marehemu hata kama ameigawana na mfalme.

Ninaloliogopa zaidi ni kwamba mtasoma hadithi zake za watoto peke yake, kwa sababu filamu zake zimeonekana na wengi. Alikuwa pia mtu wa redio: wakati wa Vita Kuu ya Pili alizungumza na wasikilizaji wa BBC kuhusu imani kwa lugha ambayo askari na mama wa nyumbani waliielewa, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu chake kinachojulikana zaidi miongoni mwa wahubiri wetu. Halafu kuna kile kitabu kidogo alichokiandika baada ya mke wake, Joy, kufariki kwa saratani mwaka 1960. Alikitoa mwaka uliofuata kwa jina la kubuni, kwa kuwa ndani yake anamlalamikia Mungu waziwazi, bila kujipamba. Tulikisoma katika kikundi cha wajane hapa Arusha. Mmoja wetu alitafsiri kurasa chache kwa mkono kwenye daftari, na kila jioni tulisoma aya mbili au tatu kwa sauti, kisha tukanyamaza kwanza kabla ya mtu yeyote kusema neno. Wapo waliosema hawakujua kwamba Mkristo anaruhusiwa kuandika hivyo.

Na kwa kuwa tunazungumzia waandishi wanaosahauliwa, naomba niulize: ni wangapi katika vikundi vyetu wanaomsoma Mathias Mnyampala, aliyetunga Injili na Zaburi kwa utenzi? Alifariki mwaka 1969, na sidhani kama kuna rais yeyote wa kumsingizia.

Msomaji wa Rau (Moshi)

Nawashukuru nyote. Tarehe itabaki 22, mwanakwaya utusamehe, ila tutaanza saa kumi alasiri ili wa kwaya wawahi kwenda kwenye shughuli yao. Mama, kama mwenye daftari ataridhia, naomba nakala ya kurasa hizo, maana wengi wetu Kiingereza cha kitabu kile kinatushinda. Mnyampala nitampeleka kwenye kikao kama pendekezo la mwezi Juni.