Watengeneza chakula cha broila Dar, kwenye ile mifuko siku hizi mnatuwekea nini?

Wakuu heshima zenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "ufugaji wa broila unalipa", maana hapa hatuongelei kulipa.

Niko Kivule, nafuga broila nyuma ya nyumba, na hii kazi sijaianza jana. Naandika na hasira kwahiyo herufi zikiruka mnivumilie. Hivi hawa watu wa chakula wanatuonaje? Mfuko ule ule, nembo ile ile, bei wamepandisha, afu ukifungua ndani ni vumbi la pumba na mashudu, hata harufu ya dagaa huisikii. Kuku wanakula, tena wanakula kwa fujo, mavi ya maji tupu, maranda yanalowa, banda linanuka amonia mpaka jirani anagonga geti kuuliza kuna nini, na ukimnyanyua kuku kumshika kifua unashika mfupa.

Ngoja niongee kwa hesabu wasije wakasema mama wa Kivule analalamika tu. Kifaranga cha siku moja kina gramu 40 hivi. Cobb 500 na Ross 308, ambazo ndo mbegu tunazouziwa wengi, wenye mbegu wenyewe wanasema akila vizuri wiki ya 5 anavuka kilo 2. Haya, joto la Dar la mwezi wa pili linamkata kuku hamu ya kula, toa hata nusu kilo, sina ugomvi. Na kuku 100 mifuko mitano sita ya kilo 50 inatakiwa iwafikishe huko. Mimi huu mzigo wa sasa nimeshavuka hapo na bado kuku wanagotea kilo moja na kitu, kuna wengine hiyo kilo wanaitafuta kwa tochi. Ajenti wa vifaranga ni yule yule, bruda (sehemu ya kuwapa vifaranga joto) ile ile, chanjo ya kideri wamepata, Gumboro wamepata, kideri ya marudio wamepata, tena kwa maji ya kisima sio ya bomba maana klorini inaua chanjo. Kilichobadilika ni mfuko wa chakula!

Nenda sasa dukani kalalamike. "Anti, angalia maji yako." "Anti, hao wana kuharisha damu, beba na hii dawa." Yaani chakula kibovu kakuuzia yeye, na dawa ya kutibu chakula kibovu anakuuzia yeye. Na hizo antibayotiki zinatakiwa zikae siku kadhaa zitoke mwilini kabla kuku hajachinjwa, sasa niambie mtu anayedaiwa na kausha damu atazisubiri hizo siku? Mnakula nyie na chipsi zenu. Afu mtaani wanatuambia eti broila tunawadunga sindano za kukuza, jamani sindano ya homoni kuku mmoja mmoja si ingekuwa ghali kuliko kuku mwenyewe, ni mbegu tu imechaguliwa miaka na miaka iwahi kukua. Ingekuwepo hiyo sindano leo nisingekuwa nalia hapa.

Kinachofanyika kinajulikana. Kifaranga kwenye starter, yaani chakula cha kuanzia, anahitaji protini asilimia 21 mpaka 23. Soya ghali, kwahiyo wanaijazia mashudu ya alizeti yenye maganda kibao, na tumbo la broila maganda haliyawezi, yanapita kama yalivyoingia. Dagaa wanasagwa na mchanga wao, mchanga nao uko kwenye mzani. Masika mahindi yameshika unyevu, yamepata ukungu, wanasaga hivyo hivyo, ndo inakuja sumukuvu, ini la kuku linaharibika, anadumaa na hata chanjo uliyompa haishiki vizuri. Unaambiwa tena "hukuchanja".

Sheria ya vyakula vya mifugo ipo tangu 2010. Maabara ya veterinari iko hapa hapa Temeke, inapima chakula. Lakini jamani broila ni wiki tano! Mpaka nichukue sampuli, nilipie, nisubiri majibu, kuku kashafika kwenye kikaangio. Siilaumu maabara, nauliza kwanini mfugaji ndo awe mkaguzi wakati kiwanda kiko pale na wakaguzi wapo. Mwaka 2017 pale Namanga serikali ilichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, tukaambiwa ni kuzuia magonjwa. Sawa, mpakani walikuwa wakali, sasa huo ukali mbona haufiki kwenye mifuko?

Dalali sina hata nguvu ya kumuongelea. Anakuja, anawapima kwa macho, anasema hawa wadogo, anataja bei yake, anajua fika kila siku nikimkatalia wanakula mfuko mwingine. Nilimpa.

Sasa naombeni kitu kimoja, na sio pole. Wafugaji wa Kivule, Chanika, Goba, Mbagala, kila mwenye mfuko aliofungua mwezi huu apige picha ya lebo, tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo zionekane, aseme na kuku wana uzito gani na wako wiki ya ngapi. Kama mfuko hauna lebo kabisa upige picha hivyo hivyo ulivyo. Mimi nimeanza kuhifadhi kilo moja moja ya kila mfuko kwenye ndoo yenye mfuniko. Tukifika watu kumi wenye toleo moja tunaibeba pamoja Temeke, gharama tunachangiana. Na nyie mnaokuja kuandika "hamia kwenye kienyeji", pitilizeni.