Huyu msimulizi wa vitabu vya sauti, mnamjua wote, leo kanimaliza

SikioKavu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, ingawa yangu si nzuri.

Jina sitaji, sina haja. Ukishasikiliza vitabu vya sauti viwili vitatu umekutana naye, maana siku hizi kila kitabu ni yeye. Upelelezi yeye, mapenzi yeye, jinsi ya kuamka alfajiri yeye, historia ya dunia yeye. Ile pumzi tu anayovuta kabla ya kutaja jina la kitabu, "hhhhp", kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani, najua tayari nimekwisha.

Sasa leo. LEO. Nipo sura ya mwisho ya riwaya ya upelelezi. Kitabu cha saa 14. Nimevumilia mate yanavyomezwa. Nimevumilia wanawake wote wa kitabu kizima kupewa sauti moja, ile ya kubana pua, bibi kizee na mtoto wa shule hawana tofauti. Nimevumilia inspekta kuanza na sauti nzito, akafika sura ya saba akapona.

Tukafika makaburini. Usiku, mvua. Mjane amesimama na mwanawe. Kitabu kizima tunamtafuta baba halisi wa huyu kijana, maana ndiye muuaji. Mjane anavuta pumzi (hii iliandikwa kitabuni, ingawa na ya msimulizi tuliisikia), anasema: "Mwanangu, baba yako si yule tuliyemzika. Baba yako ni... ngoja, naanza tena."

NGOJA, NAANZA TENA.

Jamani, mimi nikadhani ni mjane! Wallahi. Nikasema maskini mama wa watu, jina limemkwama kooni, mwandishi huyu fundi. Machozi yakanilenga. Nikaongeza sauti nisipitwe na kitu. Ndipo nikasikia *glup*. Karatasi ikafunguliwa, kkhhm ya kusafisha koo, halafu mjane kwa sauti ya dume zima akauliza, "Sawa?"

Sawa nini?? Unamuuliza nani?? Makaburini mpo wangapi??

Na kweli akaanza tena. Mvua ikanyesha upya, mjane akavuta pumzi upya, safari hii ana mafua. Jina la muuaji lilipotajwa nilikuwa nimeshazivua spika masikioni nazikodolea macho. Sikulisikia. Na kurudi nyuma sirudi, kwa sababu nikirudi nyuma nitapita tena pale.

Nauliza tu, kitabu kile kabla hakijatoka hakuna hata mmoja aliyekaa akakisikiliza? Mtu mmoja tu? Saa 14 nzima, ukachagua kuliacha lile la makaburini?

KobeMwenyeHaraka

Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Mjane anaomba kibali kwanza ndiyo amtaje muuaji 😂😂

Popo wa Zamu

Pole mkuu, huyo namjua vizuri. Ana kitabu chake cha kukusaidia kulala. Anakwambia legeza mabega, legeza taya, acha mawazo yaende zake... halafu anapiga chafya. Nilikesha.

MtuWaKasi

Mleta uzi unasikiliza kwa kasi ya kawaida? Basi hapo ndipo ulipokosea. Mimi kila kitu mara mbili. Pumzi, mate, kkhhm, vyote vinapita huvioni.

SikioKavu

Kwa hiyo "ngoja, naanza tena" kwa kasi mara mbili inageuka kuwa nzuri?

MtuWaKasi

Haigeuki. Inaisha mapema.

Mwari wa Kibandani

Naomba niwatetee kidogo wenzangu kabla hamjawachinja, maana hii ndiyo kazi yangu. Saa moja mnayosikiliza ninyi ni maneno kama 9,000 hivi, na kuipata tunakaa kwenye kibanda cha kurekodia saa mbili, tatu, bado kuhariri. Wengi tunalipwa kwa saa iliyokamilika, zile za kujikwaa ni zako mwenyewe. Koti la nailoni haliingii, linasikika. Tumbo likinguruma sentensi inarudiwa. Mate yakianza kunata unang'ata tufaha la kijani, unaendelea.

Kujikwaa ni kila siku, hakuna asiyejikwaa. Wengine wanarudisha nyuma sekunde chache na kurekodi juu ya kosa hapo hapo. Wengine hawasimamishi kurekodi, ila kabla ya kurudia wanapiga kofi moja. Lile kofi kwenye mchoro wa sauti linasimama juu kabisa, mhariri anaona kwa macho kwamba hapa pana kitu cha kukata. Kwa hiyo mleta uzi, ugomvi wako ni na mhariri. Msimulizi alifanya kazi yake.

SikioKavu

Dada nimekuelewa, asante. Ila kofi sikulisikia. Nilisikia "Sawa?"

Mwari wa Kibandani

Hapo kweli sina la kusema.

Babu Santuri

Vijana mmedekezwa. Mwaka 1934, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza kuwapelekea wasioona vitabu vya sauti, vilikuwa kwenye santuri, upande mmoja dakika kama 15. Hakukuwa na kukata wala kuunganisha. Ulimi ukiteleza dakika ya 14, upande mzima unarudiwa kutoka mwanzo. Na watu walisoma riwaya nzima namna hiyo! Edison naye, mwaka 1878, alipokuwa anaorodhesha kazi za mashine yake ya kurekodi sauti, vitabu kwa ajili ya wasioona vilikuwemo. Huyu wenu ana kompyuta, ana kitufe cha kufuta, na bado makosa yanatufikia.

SikioKavu

Babu wewe ndiye umenielewa. Kitufe cha kufuta anacho! MAKABURINI!

Jirani Mkorofi

Hivi mnashangaa nini? Mimi huyo muuaji nilimjua sura ya pili. Yule anayepiga simu usiku bila kujitambulisha si amepewa sauti ya kukwaruza? Sura ya tatu daktari anaingia, anasalimia, sauti ile ile ya kukwaruza. Nikasema tayari, kesi imeisha. Inspekta kahangaika saa 12 na zaidi, mimi nipo nimekaa tu namsubiri. Aliyesoma kwa macho hakuambiwa chochote, sisi wa masikio tumepewa jibu mlangoni.

SikioKavu

WEWE

Nimesema sijalisikia jina!!! Nimeandika pale juu!!!

Jirani Mkorofi

Ah. Basi ni daktari.

KobeMwenyeHaraka

😂😂😂 uzi umefungwa kesi imefungwa

Shangazi Sura Mbili

Lakini amesema kweli huyo jirani. Sauti za wahusika ni kazi ngumu. Mwigizaji Roy Dotrice aliandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa sauti 224 kwenye kitabu kimoja, mtu mmoja. Huyu wetu ana mbili, ya kwake na ya kubana pua, na ya kwake mwenyewe hana uhakika nayo. Mimi bora asome kawaida tu bila kuigiza. Nipe maneno, watu nitawatengeneza mwenyewe kichwani.

Popo wa Zamu

Hapana shangazi, asiyeigiza ni mbaya zaidi. Nilisikiliza mmoja, mtu anachomwa kisu sauti ile ile, anatangaza ndoa sauti ile ile. Nilirudi nyuma mara kadhaa kuhakikisha nani amekufa na nani ameoa.

Karatasi Tupu

Ndiyo maana nasema kila siku, soma kitabu. Kitabu cha karatasi hakimezi mate. Na kwa taarifa yenu kusikiliza si kusoma, mnajidanganya mnapojihesabia vitabu.

Fimbo Nyeupe

Karatasi Tupu, mimi sioni tangu utotoni. Vitabu vyangu karibu vyote vimepitia masikioni. Hebu nieleze taratibu ni vipi sijavisoma, mimi ni msikilizaji mzuri.

Karatasi Tupu

Mkuu sikukusudia wewe.

Fimbo Nyeupe

Ulimkusudia nani sasa? Na nikiwa hapa hapa niseme la kwangu. Nyie mnalia na pumzi. Mimi nalia na vitabu vinavyotoka bila sura kupangwa. Faili moja, saa 11, haina mgawanyo. Simu ikizima naanza kupapasa, sogeza mbele, rudisha nyuma, nipo kwenye harusi, hapana nipo kwenye shukrani za mwandishi. Mkirekebisha hilo, huyo jamaa amwachieni ameze mate yake kwa raha zake.

Shangazi Sura Mbili

Hilo la sura ni kero ya kweli kabisa.

Bomba la Habari

Yote haya mwisho wake ni sauti ya kompyuta. Haipumui, haina mafua, haimuulizi mtu "sawa?". Na nyingine siku hizi huwezi kujua kama ni mashine.

Mwari wa Kibandani

Unaweza. Subiri mtu afe. Mashine itamaliza "akakata roho" na kuingia "Sura ya Kumi na Tisa" bila hata kunyamaza kidogo. Ule ukimya baada ya kifo hakuna aliyeuandika kitabuni, msimulizi anauweka mwenyewe.

Bomba la Habari

Mimi nilisikilizishwa tanbihi zote. Katikati ya vita, "tisini na nne, tazama ukurasa wa mia mbili na kumi". Askari kainua bunduki anasubiri tumalize tanbihi.

Jirani Mkorofi

Bora tanbihi kuliko kinanda. Nani aliwaambia waweke kinanda chini ya maneno? Kikianza tu najua hapa natakiwa nilie. Silii, kwa makusudi.

Popo wa Zamu

Waandishi wanaojisomea wenyewe hamjawasema bado. Kitabu cha maisha yake akisoma mwenyewe sawa, hata akikohoa ni kikohozi chake halali. Lakini riwaya? Mwandishi mmoja anacheka kabla ya utani wake mwenyewe. Kabla!

MtuWaKasi

Na ule mradi wa watu wa kujitolea, wanaosoma vitabu vya zamani vilivyoisha hakimiliki? Bure, nawashukuru, Mungu awape. Lakini kila sura na msomaji wake. Shujaa sura ya tano ni mzee anakoroma, sura ya sita ni binti ana haraka ya kwenda mahali, sura ya saba nyuma kuna mbwa.

Shangazi Sura Mbili

Mbwa yule namjua, yupo na kwenye kitabu cha mashairi.

SikioKavu

Jamani turudi kwenye mada. Tulikuwa makaburini. Mjane, mvua, "ngoja, naanza tena". Hakuna mwenye njia ya kuwafikia wachapishaji warekebishe? Kitabu cha sauti ni faili tu, wanaweza kubadilisha hata leo, si karatasi iliyokwisha chapwa.

KobeMwenyeHaraka

Mkuu umeshaambiwa ni daktari, kalale.

Fimbo Nyeupe

Kuhusu kulala, ndugu zangu, ile saa ya kujizima mnaiwekaje? Nikiweka dakika 30 nasinzia dakika ya kumi, asubuhi sijui niliishia wapi.

Popo wa Zamu

Weka izime mwisho wa sura, siyo kwa dakika. Programu nyingi zina hiyo. Asubuhi unaanza na sura uliyosinzia nayo.

Fimbo Nyeupe

Nimesema kitabu changu hakina sura.

Popo wa Zamu

Oh.

Babu Santuri

Santuri ilikuwa inajiishia yenyewe baada ya robo saa. Unaamka kugeuza upande, au huamki.

Shangazi Sura Mbili

Fimbo Nyeupe, angalia kama programu yako ina alama za kuhifadhi mahali. Yangu nikiigonga skrini mara mbili kabla ya kusinzia inaweka alama. Shida ni kukumbuka kuigonga kabla ya kusinzia.

MtuWaKasi

Yangu ukiitikisa simu inaongeza dakika. Nikigeuka kitandani inaongeza. Nimewahi kumaliza kitabu kizima nikiwa usingizini.

Karatasi Tupu

Na hicho nacho umekihesabu?

MtuWaKasi

Nimekihesabu.