Oxford: kilitangulia chuo kikuu au zilitangulia ndaki?

Swali
Ndugu zangu, kuna jambo linanitatiza katika muundo wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hudahiliwa na ndaki, yaani kimojawapo cha vyuo vilivyomo ndani ya chuo kikuu hicho, nayo ndaki ina mali, katiba na uongozi wake. Lakini anayemtunuku shahada ni chuo kikuu. Je, ndaki ziliungana zikaunda chuo kikuu, au chuo kikuu ndicho kilichozianzisha?

Jibu la kwanza
Si hivyo wala vile. Masomo yalikuwa yakitolewa Oxford tangu mwaka 1096, na wanafunzi waliongezeka kwa kasi baada ya 1167, Mfalme Henry wa Pili alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Walimu walijiunga wakawa jumuiya yenye mkuu wake, wakati ambapo hapakuwa na ndaki hata moja na wanafunzi walipanga vyumba mjini. Ndaki zilianzishwa baadaye na wafadhili mbalimbali: University College huhesabu umri wake tangu 1249, Balliol 1263, na Merton 1264. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa Walter de Merton aliiandikia katiba, akaipa mashamba ya kuiingizia kipato, kisha akawaachia wanazuoni waiendeshe wenyewe. Uhuru mnaouona leo chimbuko lake ni hapo.

Jibu la pili
Naafiki, ila tusisahau kwamba ndaki za mwanzo zililenga zaidi waliokwisha kuhitimu; ni New College, ya mwaka 1379, iliyowapa wanafunzi wa shahada ya kwanza nafasi rasmi. Siku hizi chuo kikuu husimamia mihadhara, maabara na mitihani, ilhali ndaki huwapa malazi na vipindi ambamo mwanafunzi mmoja au wawili huketi na mkufunzi kujadili insha waliyoiandika. Ndaki ya All Souls haina wanafunzi wa shahada ya kwanza kabisa.

Jibu la tatu
Anayetaka kupima uhuru huo wa ndaki atazame suala la wanawake. Chuo kikuu kiliwakubali kuwa wanachama kamili wenye haki ya shahada mwaka 1920, lakini uamuzi huo haukuzifungua ndaki za wanaume, kwa sababu kila moja ilijiamulia nani aingie. Tano kati yake zilianza kuwapokea wanawake mwaka 1974. Oriel ilisubiri hadi 1985. Kwa upande wa pili, St Hilda's, iliyokuwa ya wanawake watupu, iliwapokea wanaume mwaka 2008.