Mrejesho: wimbi hubeba nishati, maji hubaki

Asalaam aleikum walimu wenzangu. Niliwauliza vipi nitawaeleza watoto wa darasa la nne, huku kwetu Jambiani, kwamba wimbi husafirisha nishati na maji yenyewe hubaki karibu palepale. Ahsanteni sana, hasa mlionishauri nianze na kamba.

Tulifunga kitambaa chekundu katikati ya kamba ya makumbi, ncha moja tukaifunga kwenye mnazi. Mtoto akaitikisa ile nyingine. Wimbi likakimbia hadi mnazini. Kitambaa kikapanda, kikashuka, kikabaki pale pale. Wakalielewa papo hapo.

Baharini tulisubiri maji yajae na upepo utulie, tukaelesha kumbi la nazi. Kila wimbi likipita, kumbi linanyanyuka na kusogea mbele kidogo, kisha linashuka na kurudi nyuma, kama linachora duara.

Ndipo binti mmoja akauliza: mbona ufukweni maji yanatusukuma kweli? Swali zuri mno! Penye kina kifupi, chini ya wimbi hucheleweshwa na sakafu ya bahari, wimbi linainuka, linavunjika, na hapo maji hurushwa mbele kwelikweli. Nishati inaishia kwenye povu, mchanga na ule mvumo tunaousikia mwambani usiku.

Wale wakubwa niliwaongezea la tarehe 26 Desemba 2004: tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na siku hiyohiyo mawimbi yakafika Afrika Mashariki. Maji ya Sumatra hayakuja, ilikuja nishati.