Njia ya miguu kutoka getini hadi mlangoni kwenye udongo wa mbuga: nifanyeje isipasuke tena?

Mama Kulwa (Shinyanga)

Habari zenu ndugu zangu. Nyumba yetu ipo pembezoni mwa mji wa Shinyanga, kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi ambao kiangazi hupasuka hadi mkono ukaingia kwenye nyufa, na masika hushika viatu kama gundi. Miaka miwili iliyopita tulimpa fundi kazi ya kujenga njia ya miguu kutoka getini hadi mlangoni, urefu mita 18 na upana mita 1.2. Alichimba kina cha sentimita 20, akajaza mchanga, akamwaga zege la sentimita 7 hivi bila nondo, na kazi ilipokamilika ilikuwa inapendeza kweli.

Masika ya kwanza tu, katikati ya njia palivimba, na pale karibu na kona ya nyumba palidumbukia. Sasa zege limevunjika vipande vipande, na vingine vimenyanyuka kiasi cha vidole viwili kuliko jirani zake. Baba mkwe wangu tunaishi naye, anatembelea fimbo, na mwezi uliopita aliteleza akaanguka hapo. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sina amani.

Nimedunduliza fedha kidogo nami nataka kazi ianze sasa, katikati ya Septemba, ili mvua za Novemba zikute imekwisha. Fundi mmoja anasema tuongeze unene wa zege, mwingine anasema tuchimbe zaidi na kujaza mchanga mwingi zaidi. Kuna mwarobaini mkubwa kama mita mbili kutoka kwenye njia, na bomba la gata linamwaga maji kwenye kona ile iliyodumbukia. Naomba ushauri wa watu waliojenga kwenye udongo wa namna hii.

Mhandisi wa Barabara (mstaafu)

Mama Kulwa, pole sana, na umpe pole mzee.

Nianze na mchanga, kwa sababu naona hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ushauri wa kuuongeza utalikuza kosa hilohilo. Mfinyanzi wa mbuga ukilowa haupitishi maji kwa urahisi. Ukichimba mfereji ndani yake na kuujaza mchanga, ambao maji hupita bila kizuizi, umetengeneza birika lililozikwa ardhini: maji ya mvua yanaingia juu, yanafika chini, yanakosa pa kutokea, na yanakaa hapo wiki nyingi yakiulowesha mfinyanzi ulio chini na pembeni. Ukichimba zaidi na kujaza mchanga zaidi, birika linakuwa kubwa zaidi.

Udongo huu una madini ya mfinyanzi yaitwayo montmorilonaiti, ambayo hunyonya maji katikati ya matabaka yake membamba na kutanuka, kisha husinyaa yanapokauka. Nguvu ya mtanuko huo inaweza kuinua ukuta wa nyumba ndogo, sembuse zege la sentimita 7. Kwa hiyo jambo linaloharibu njia si ulaini wa udongo peke yake, bali ni kubadilika kwa unyevu, na hasa pale sehemu moja inapolowa huku nyingine ikibaki kavu. Udongo ukibaki na unyevu wa kiwango kilekile mwaka mzima, hata kama ni mfinyanzi mbaya kiasi gani, hautakusumbua sana.

Ukitaka kujua ubaya wa udongo wako, chukua donge la kina cha nusu mita, likaushe, litwange na ulichekeche kwa chekecheo laini. Maabara hupima sentimita za ujazo 10 za unga huo, huumwaga ndani ya chupa ya vipimo yenye maji, kisha husoma tena ujazo wake baada ya saa 24. Ukifika 15 au pungufu, udongo huo kwa kawaida si wa kutisha. Ukifika 20 au kuzidi, ni udongo wa kuheshimiwa. Nyumbani unaweza kutumia bilauri ndefu na rula, jibu lake litakuwa la makadirio lakini litakufundisha.

Sasa tazama lile bomba la gata. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50, hukusanya lita 6,000. Nusu yake ikitoka kwenye bomba hilo moja, ni lita 3,000 zinazomwagwa kwenye kona moja kwa siku moja. Usishangae palidumbukia. Kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji, yaongoze maji hayo kwenye tangi, au kwenye mfereji uliosakafiwa unaoyapeleka mbali na njia na mbali na msingi wa nyumba. Ukifanya hilo tu na kuiacha njia ilivyo, utaona tofauti masika yajayo.

Kuhusu kuongeza unene wa zege: zege nene likiinuliwa upande mmoja halipindi, linavunjika, na vipande vyake vinakuwa vikubwa na vizito zaidi kuviondoa.

Fundi wa Maswa

Nakubaliana na mzee hapo juu, na mchanga wa kujazia mimi niliuacha baada ya kurudishwa mara mbili kwenye kazi zangu mwenyewe kwenda kuzirekebisha kwa gharama yangu.

Dada, jinsi ninavyofanya siku hizi ni hivi. Nachimba kina cha sentimita 40, na upana nauzidisha sentimita 30 kila upande wa njia, kwa hiyo kwako mfereji utakuwa na upana wa mita 1.8. Sakafu ya mfereji siiachi tambarare. Naipa mteremko kuelekea upande mmoja na mwisho wake natoboa njia ya maji kutokea. Kisha najaza moramu, yaani udongo wa changarawe, si mchanga, kwa sababu moramu nzuri ikishindiliwa inashikamana na hainywi maji kama sifongo. Naimwaga kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa libaki kama sentimita 12, nikilinyunyizia maji kiasi cha donge kushikana mkononi bila kuchuruzika. Matabaka matatu yanakupa sentimita 36. Kwa vipimo vyako hiyo ni karibu mita za ujazo 12 zilizoshindiliwa, lakini moramu iliyolegea kwenye lori hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo agiza kama 15. Kodi mashine ya kushindilia hata kwa siku moja. Gogo la mkono halifiki chini, na hapa ndipo wengi wanapodanganyana.

Juu ya moramu naweka mchanga wa sentimita 3 tu wa kulazia, halafu matofali ya pevingi yenye unene wa sentimita 6, ambayo yanatosha kwa watu na baiskeli. Kama gari litapanda, tumia ya sentimita 8. Pembeni weka mawe ya ukingo yaliyokaa ndani ya zege, la sivyo matofali yatasogea kidogokidogo na mianya itafunguka. Kwenye ukingo wa upande wa chini naacha matundu madogo ili maji yaliyopenya kwenye mchanga wa kulazia yatoke. Uso wa njia nauinua sentimita 5 juu ya ardhi, na mteremko wa upana ni sentimita 2 kwa kila mita, basi kwa mita 1.2 ni sentimita 2.4. Mzee mwenye fimbo hatausikia mguuni, lakini maji yatausikia.

Moramu si lazima uitafute mbali. Panda kuelekea vilima vya mawe, utaikuta. Kwetu Usukumani udongo umejipanga hivyo: mawe na changarawe juu, mchanga wa luseni chini yake, na mbuga bondeni kabisa. Mtafiti wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara, aliuandika mfuatano huu miaka ya 1930 na kuuita katena, yaani mnyororo, ingawa wazee wetu walikuwa wanaujua kwa majina kabla yake.

Ninapendelea pevingi kwa sababu moja kubwa kuliko zote: pakivimba baada ya miaka mitano, unang'oa matofali ya hapo, unasawazisha, unayarudisha yaleyale. Zege huwezi.

Mkazi wa Bariadi

Naheshimu maneno ya Fundi, lakini zege lisihukumiwe kwa kazi iliyofanywa vibaya. Njia ya nyumbani kwetu ni ya zege la sentimita 10 juu ya moramu, lenye wavu wa nondo za milimita 6, na limekatwa viungo kila baada ya mita 1.2 ili kila kipande kiwe mraba. Lilimwagiliwa na kufunikwa kwa magunia siku saba. Ufa upo, ila umefuata viungo tulivyokata, na hakuna kipande kilichopanda juu ya mwenzake.

Jambo ambalo halijaguswa ni mwarobaini. Mama Kulwa, mti mkubwa hunyonya maji mengi kiangazi, kwa hiyo udongo wa upande wake husinyaa kuliko wa upande mwingine. Kwa kawaida njia inafaa iwe mbali na mti kwa umbali unaokaribia urefu wa mti huo. Ila tafadhali usiukate leo na kujenga kesho. Udongo uliokaushwa na mizizi kwa miaka mingi utaanza kurudisha unyevu na kuvimba polepole, masika hadi masika, chini ya njia yako mpya. Kama nafasi inaruhusu, pindisha njia uupishe mti, kivuli chake bado mtakihitaji.

Mama Kulwa (Shinyanga)

Asanteni sana, nimesoma mara mbili na mume wangu naye amesoma. Kupindisha njia kunawezekana, upande wa pili kuna nafasi ya mita sita. Nina maswali mawili. Nimesikia chokaa inaua nguvu ya mbuga, je, ni kweli? Na je, mwezi huu wa Septemba ni wakati mzuri wa kuanza?

Mhandisi wa Barabara (mstaafu)

Chokaa ni kweli, na barabara nyingi hujengwa hivyo. Inabadili tabia ya mfinyanzi, ukaacha kunata na kutanuka kwake kukapungua sana. Kiasi cha kawaida ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Ukitaka kutibu sentimita 15 za sakafu ya mfereji wako wa mita 18 kwa 1.8, ni karibu tani 7 za udongo, hivyo asilimia 5 yake ni kama mifuko 14 ya kilo 25. Kazi ni kuichanganya: mabonge yavunjwe hadi yawe madogo kama njegere, maji yatiwe, mchanganyiko ulale siku moja au mbili, ugeuzwe tena, ndipo ushindiliwe. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, na wafanyakazi wavae glavu na miwani, maana inaunguza macho na ngozi. Kwa njia ya miguu mimi ningeitumia pale tu ambapo jaribio la bilauri limeonyesha udongo mbaya kweli, au moramu ikiwa ghali. Ukiweza kuchimba na kujaza kama Fundi alivyoeleza, chokaa si lazima.

Kuhusu wakati, hapana, usianze sasa. Septemba udongo wako umekauka kuliko wakati wowote, nyufa ziko wazi hadi chini. Ukiufunika ukiwa hivyo, mvua za Novemba zitaingia kupitia pembeni na udongo utavimba chini ya kazi mpya. Katikati ya masika nako hapafai, kwa sababu haushindiliki. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kukatika, mwishoni mwa Mei hadi Juni, udongo ukiwa na unyevu wa wastani.

Fedha uliyonayo sasa itumie kwenye gata, tangi na mfereji wa maji.

Fundi wa Maswa

Naongezea la mzee anayetembelea fimbo, kwa sababu Juni ni mbali. Wiki hii ng'oeni vile vipande vyote vilivyonyanyuka, mtandaze moramu ya sentimita 10 juu ya njia, katikati iwe juu kidogo kuliko kingo, muishindilie. Mvua zikianza itahitaji kurudishiwa mara moja au mbili, lakini haina kingo za kumkwaza, na hiyo moramu haitapotea: Juni mtaikwangua muirudishe kwenye tabaka la chini.

Mama Kulwa (Shinyanga)

Tutaanza Jumamosi kwa kung'oa vipande. Mume wangu ameshapima paa, ni mita za mraba 96.