WebRTC au SRT kwa kuhariri video na mtu aliye mbali?

Mhariri_Tanga: Wakuu, nahariri filamu fupi nikiwa Tanga, mwongozaji yuko Nairobi. Anataka aone mkato papo hapo huku tunaongea. Kwenye programu ya mikutano picha inageuka uji kamera ikitembea tu. Kupandisha napata Mbps 6 hivi. Kati ya njia hizi mbili za kurusha video mtandaoni, nitumie WebRTC au SRT?

fundi_mitambo: WebRTC ni ya maongezi: huchelewa chini ya nusu sekunde, ila mtandao ukibana inashusha ubora ili msikatike. SRT, ambayo kampuni ya Haivision ilifungua msimbo wake kwa umma mwaka 2017, huomba tena pakiti (vipande vya data) zilizopotea, mradi muda wa kusubiri uliouweka haujaisha. Picha inabaki safi, ila uvumilie kuchelewa. Muda huo anza na ping (muda wa data kwenda na kurudi) mara nne: ping ikiwa 60, weka milisekunde 240. Kwenye OBS, programu ya kurusha video, andika 240000, maana kule wanahesabu mikrosekunde. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Bi_Saumu: Laini za simu mara nyingi hazikupi IP ya umma, yaani anwani inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Mkiwa wote kwenye modemu, SRT itawadai seva ya kukodi katikati. Mimi natumia VDO.Ninja, ni WebRTC hiyo hiyo. Unamtumia kiungo, anafungua kwenye kivinjari, basi. Kiungo chake kiongezee &bitrate=4000, yaani Mbps 4.

kodeki_254: NDI, njia nyingine ya kurusha video, usiiguse, hiyo ni ya mtandao wa ndani, 1080p moja inakula zaidi ya Mbps 100. HLS nayo hurusha video kwa vipande, na huwa vya sekunde 6. Akisema "simama" tukio limeshapita zamani.

Mzee_Kebo: Mnamtesa kijana. Toa nakala nyepesi ya H.264 (mfumo wa kubana video), Mbps 4, dakika 10 ni MB 300. Weka timecode (namba ya muda ya kila fremu) juu ya picha, mtumie, mpigiane simu. Na rangi msizijadili kwenye mubashara wa biti 8, wenye ngazi chache za rangi, hata siku moja.

Mhariri_Tanga: Shikamoo mzee. Shida huyu bwana hubadili mawazo katikati, anataka tujaribu mikato palepale. Naanza na ya Bi Saumu, nakala yako nitatuma mkato ukishatulia. Bi Saumu, muziki haukatikikatiki?

Bi_Saumu: Unakatika, kivinjari kinaudhania kelele. Weka &proaudio kwenye viungo vyote viwili na mvae hedifoni, maana inazima kinga ya mwangwi. Maongezi yapitishe kwenye simu ya kawaida.