Mjadala: Kuku wa kuchinja apewe jina au asipewe?

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni tangu Krismasi.

Tunaishi Tabata. Uwanja wetu ni wa kuanikia nguo tu, ila nyuma ya choo kuna kibanda cha mabati na kuku kumi na mbili wa kienyeji. Mmoja alikuwa jogoo kishingo, shingo nyekundu kama pilipili mbivu. Mwanangu wa miaka saba akamwita Kocha, maana kila asubuhi alizunguka uwanja akiwafokea wenzake. Mtoto akirudi shule anachuchumaa mlangoni na punje za mchele kiganjani, Kocha anadonoa hadi kati ya vidole.

Tarehe 24 mama mkwe akashuka kutoka Moshi. Jogoo mwenye nyama alikuwa huyohuyo. Nikamtuma mtoto nazi duka la mbali, kusudi. Aliporudi nikamwambia Kocha katoka nje, huenda kapotea. Akala pilau vizuri, akaongeza. Kesho yake kaenda kumwaga taka, akakuta kile kitambaa cha kitenge alichomfunga Kocha mguuni ili asichanganyike na kuku wa jirani. Hakulia. Akaniuliza, "Baba, kwa hiyo na mimi nilimla?"

Mama mkwe anasema kosa ni jina: cha kuliwa hakiitwi. Mimi naona kosa ni uongo wangu. Wafugaji wa Kimasai wanamjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa jina, na siku ikifika wanachinja. Broila ndiye hana jina, na sijaona kama kwa hilo ametendewa wema zaidi. Nyie mnasemaje?

Mfugaji wa Mbagala: Ndugu yangu, nina broila 300. Wiki ya sita wasipotoka bandani wanakula faida yangu. Kuku mwenye jina hauziki, nimeyaona kwa mke wangu: tetea mmoja mwenye kilema mwaka wa pili huu anakula tu, yai halionekani. Na wewe mwenye kuku kumi na mbili, jogoo mmoja anatosha kabisa. Wa pili lazima aende, aitwe Kocha aitwe Refa.

Bi Mkubwa, Magomeni: Sisi mbuzi wa Idi huletwa nyumbani siku kadhaa kabla. Watoto wanamlisha maganda ya ndizi, wanamkokota uchochoroni, wanampa jina. Asubuhi ya kuchinja wanalia, na hakuna anayewaficha. Kisa cha Nabii Ibrahim ni cha kutoa unachokipenda, sasa ukimnunua mbuzi usiyemtazama hata usoni umetoa nini zaidi ya pesa? Marehemu baba alikuwa mkali kwenye jambo moja: kisu kinanolewa ndani, mnyama asikione, na mbuzi mmoja hachinjwi mbele ya mwenzake. Hayo ndiyo mafunzo ya dini yetu, na watoto walikuwa wanayaona. Wewe, mwanangu, umemnyima wako hata kumuaga.

Mfugaji wa Mbagala: Bi Mkubwa, shikamoo. Mbuzi mmoja kwa mwaka unaweza kumlilia. Mimi nikilia nalia mara 300.

Bi Mkubwa, Magomeni: Marahaba. Basi usilie, lakini usiwabebe miguu juu vichwa chini kwenye bodaboda kama ninavyowaona kila siku Shekilango. Sheria ya ustawi wa wanyama ipo tangu 2008, na wanaopita pale kama hawajaisikia.

Mwalimu wa awali: Mtoto akikataa kumla aliyemlea, mpeni maharage, msimcheke. Wengi humwambia "utakula tu, hiyo nyama." Hapo ndipo pa kubishania, jina ni dogo.

Mwenye mada: Nimewasoma wote. Mama mkwe pia nimemsomea, kaguna tu. Bi Mkubwa, umenipiga penye kidonda, la kuaga sikuliwaza.

Jana tetea mmoja katotoa vifaranga saba. Mtoto kakaa nao hadi magharibi, kisha akauliza, "Na hawa?" Nikamjibu wengine tutawauza, wengine tutakula, na safari hii nitamwambia siku kabla haijafika. Akanyamaza. Usiku nikamkuta anachana kitenge cha mama yake vipande saba.